Diski ya Pili ya Bi Nyuzi

Mtaa mzima ulimwita Bi Nyuzi, na yeye mwenyewe alikuwa karibu kulisahau jina alilopewa na wazazi. Lilimfaa. Popote alipokwenda palikuwa na uzi umemng'ang'ania: begani, kwenye nywele, siku nyingine kwenye nyusi, ukining'inia bila yeye kujua. Kazi yake ilikuwa kutarizi. Nembo za shule, majina ya wauguzi kwenye makoti yao meupe, maua ya foronya, herufi za mwanzo kwenye taulo za watu wanaojipenda, vyote vilipita chini ya sindano ya mashine yake, katika chumba cha mbele cha nyumba. Chumba hicho zamani kilikuwa sebule, na mumewe bado alikiita sebule, kwa matumaini tu.

Alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa, ila kununa kwake hakukufika hata chakula cha mchana. Kitu kimoja tu hakukifanyia mzaha, nacho ni upande wa nyuma wa kitambaa. Ukimletea kazi iliyotariziwa kwingine, hakutazama ua wala nembo. Aliigeuza. Akikuta nyuzi zimekatizana ovyo na mafundo yamejazana, alitikisa kichwa kama aliyeletewa habari za msiba.

"Mbele kila mtu anatazama," alikuwa akisema. "Nyuma ndiko unakomjua fundi."

Hayo aliyarithi kwa mama yake, aliyetarizi kwa mkono maisha yake yote, na ambaye aliwahi kufumua shuka nzima ya mteja kwa sababu ya fundo moja ambalo mteja mwenyewe hakuliona. Mama alikuwa amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, lakini katika chumba kile amri zake zilikuwa bado zinafanya kazi.

Basi kompyuta ya Bi Nyuzi, ile iliyokuwa ikiipa mashine michoro yake, ikafa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, na kitu ndani ya sanduku kikatoa harufu ya mpira ulioungua. Aliitwa Daktari aje kuitazama. Huyu alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu mkabala na nyumba yao, na aliitwa Daktari si kwa sababu ya kuponya bali kwa sababu ya kutangaza vifo. Simu hujamkabidhi vizuri, yeye tayari anavua miwani.

"Pole sana, mama," alisema, akavua miwani. "Imekwenda."

Safari ile alikuwa sahihi. Lakini Bi Nyuzi hakuwa mtu wa kukaa matanga kwa ajili ya sanduku. Alisema vyaelea vimeundwa, na walioviunda hawakuwa na vidole zaidi ya vyake. Akanunua vipande kimoja kimoja, akatazama video za watu wanaounda kompyuta, akafyeka meza ya kukatia vitambaa, akaanza. Mumewe, ambaye ni fundi bomba na anajulikana hivyohivyo, Fundi Bomba, alipewa kazi ya kushika tochi na kunyamaza. Tochi aliishika vizuri.

Ilipokamilika, kompyuta ile ilikuwa na ubavu mmoja wa kioo, na ndani yake hukuona waya hata mmoja umekatiza. Kebo zote alizipitisha nyuma, kwenye nafasi nyembamba kati ya bati na kifuniko, akazifunga kwa nyuzi za kutarizia: za umeme kwa nyekundu, nyingine kwa bluu. Hata huko nyuma, mahali ambapo hakuna binadamu angechungulia, kebo zilikuwa zimelala sambamba kama shuka zilizokunjwa kabatini. Fundi Bomba alisema angeweza kuiposa kompyuta hiyo kama asingekuwa ameoa.

Ndani yake kulikuwa na diski mbili. Ya kwanza ilikuwa mpya, nyembamba na ndogo kama kipande cha bazoka ya kutafuna, imelazwa juu ya ubao mkuu wenyewe; hiyo ndiyo ya kuendeshea kompyuta. Ya pili ilikuwa diski ya zamani, pande la chuma lililotolewa kwenye ile kompyuta marehemu. Humo ndimo ilimokuwa michoro yote ya Bi Nyuzi tangu aanze kazi, na humo, kuliko kitu kingine chochote, ndimo lilimokuwa ua la mama.

Ua hilo halikuwa la kitabuni. Mama alilibuni mwenyewe, petali saba zilizopinda kidogo upande mmoja kama zinapigwa na upepo, na hakuna aliyewahi kuona jingine kama hilo. Kila alichokitarizi alikiuza au kukigawa, kwa hiyo vitambaa vyake vilitawanyika na kuchakaa kwenye nyumba za watu. Ilibaki foronya moja. Siku moja Fundi Bomba alipigiwa simu kwamba bomba limepasuka jikoni kwa mtu, akachota matambara haraka haraka, na foronya ikaenda nayo, ikafungiwa bomba, ikaishia kwenye pipa la taka. Kosa hilo halikusamehewa, liliahirishwa tu. Kwa bahati Bi Nyuzi alikuwa amekwisha kuliingiza ua hilo kwenye kompyuta mama alipokuwa hai. Basi lilikuwa limebaki mahali pamoja tu duniani.

Na mdogo wake alikuwa anaolewa keshokutwa. Alikuwa ameomba kitu kimoja, nacho ni ua la mama kifuani, upande wa moyo.

Bi Nyuzi alibonyeza kitufe. Feni zikazunguka, taa zikawaka, skrini ikang'aa. Fundi Bomba akapiga makofi na kudondosha tochi. Kila kitu kikaja, na kikaja upesi kuliko kompyuta ya zamani ilivyowahi kuota. Bi Nyuzi akafungua mahali pa kuonyeshea diski. Ilikuwapo moja. Akasubiri kidogo, kwa adabu, kama unavyomsubiri mgeni anayevua viatu mlangoni. Ya pili haikutokea.

Akaizima, akaiwasha. Moja.

"Labda ina aibu," alisema Fundi Bomba.

"Wewe shika tochi."

Hapohapo bibi harusi akaingia, gauni likiwa ndani ya mfuko mrefu ameubeba kwa mikono miwili kama mtoto aliyelala. Huyu mdogo mtu alikuwa na mdomo usiojua likizo. Alimsalimia shemeji yake kwa kumuuliza kama wiki hii amefungia bomba nguo ya nani, akamsifia dada kwa kompyuta, akalalamikia viatu vya harusi, na vyote hivyo kwa pumzi moja. Kisha akasema, "Dada, ua la mama lipo salama, sivyo?"

"Lipo," alijibu Bi Nyuzi.

"Basi tulitie leo. Kesho nina mambo mpaka hapa," akaonyesha shingoni.

"Ngoja kwanza kompyuta ipashe moto."

Fundi Bomba alitazama dari. Katika ndoa yao yote hakuwahi kusikia kompyuta inapashwa moto, lakini alikuwa mume mwenye busara. Bibi harusi akaenda uani kuongea na simu, na Bi Nyuzi akamtuma mumewe mbio amwite Daktari.

Daktari akaja na bisibisi mfukoni. Alisikiliza, akainama, akachungulia kupitia kioo, akasifia nyuzi za bluu. Kisha mkono wake ukaanza kupanda kuelekea kwenye miwani.

"Usivue!" alisema Bi Nyuzi.

"Mama, umeme uliounguza ile nyingine..."

"Nimesema usivue hiyo miwani."

Akaivua. "Pole sana. Diski imekwenda na mwenzake."

Bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni, simu sikioni, na mtu wa upande wa pili akiendelea kusema peke yake.

"Diski gani imekwenda?" aliuliza.

Bi Nyuzi aliitazama kompyuta, na hilo lilikuwa jibu tosha. Bibi harusi alikaa juu ya kiti cha wateja, gauni mapajani, akaanza kulainisha mfuko wake kwa kiganja ingawa haukuwa na kunyanzi. Bi Nyuzi aliona ni afadhali angepiga kelele. Alijisikia vibaya mno, kwa uwongo aliousema na zaidi kwa yale aliyoahirisha. Mara ngapi alijiambia atatoa nakala ya ua lile na kuiweka pengine, kisha akaletewa nembo za shule, akasema kesho!

Lakini huzuni kwa Bi Nyuzi haikukaa tupu. Iligeuka hasira, na hasira ikageuka kazi. Akachomoa waya wa umeme ukutani, akafungua ubavu wa kioo, akakunja mikono ya gauni alilovaa.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," alisema. "Hii kompyuta nimeiunda mimi. Nikianza kulaumu umeme kabla sijajitazama mwenyewe, mama atafufuka anichape."

Akahakikisha kila kebo imeingia mpaka mwisho. Zilikuwa zimeingia. Akarudisha waya ukutani, akawasha, akaweka kiganja juu ya diski ya zamani. Akatulia. Uso wake ukabadilika.

"Njoo hapa," alimwambia Daktari. "Leta mkono."

Daktari akagusa. Diski ilikuwa inatetemeka kidogo, mtetemo laini usiokatika, kama paka aliyeshiba.

"Maiti gani hii inayopumua?" aliuliza Bi Nyuzi.

Daktari akarudisha miwani usoni. "Hii... hii ina matumaini," alikiri, na kwa mdomo wake hilo lilikuwa neno geni.

Basi umeme ulikuwa unafika. Bi Nyuzi akazima tena, akatoa ile kebo bapa inayopitisha habari kutoka kwenye diski, akaweka nyingine iliyotoka kwenye kompyuta ya zamani, na hiyo nayo akaipitisha nyuma na kuifunga kwa uzi wa bluu, maana hata katika shida mtu ana heshima yake. Akawasha. Akaingia kwenye ule ukurasa wa mwanzo, unaoonekana kabla kompyuta haijaamka sawasawa, ambapo yenyewe hujihesabu viungo. Matundu ya diski yalikuwa yameorodheshwa yote, la kwanza hadi la sita, na mbele ya kila moja paliandikwa kuwa hakuna kitu. Diski ilikuwa hai, kebo ilikuwa nzima, na kompyuta ilikuwa inaapa kwamba haijawahi kumwona mtu huyo.

Bi Nyuzi akashika tama. Bibi harusi alikuwa bado analainisha mfuko.

"Naruhusiwa kusema?" aliuliza Fundi Bomba.

"Sema."

"Maji tangini yapo?"

"Baba watoto, jamani."

"Nauliza kifundi. Maji yapo?"

"Yapo. Diski inazunguka."

"Bomba halijapasuka?"

"Nimebadilisha bomba. Kebo."

"Basi kilichobaki ni pale bomba linapoingia ukutani." Akapiga magoti, akamulika ubao mkuu. Matundu sita yalikuwa yamejipanga ukingoni, na kebo ya diski ilikuwa imechomekwa lile la mwisho kabisa, kwenye kona. "Kwa nini umemuunganisha huku mwisho wa laini, na haya ya mwanzo yote matupu?"

"Kwa sababu hapo kona kuna uwazi wa kupitishia kebo nyuma. Haionekani. Nikiitia la kwanza itakatiza katikati, mbele ya kila kitu."

Fundi Bomba akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, halafu kwa sauti. "Unakumbuka ile nyumba ya ghorofa niliyosumbuka nayo? Mpangaji wa mwisho hapati maji, tangi limejaa, bomba jipya. Kumbe waliongeza bafu chini, wakalichomeka kwenye tawi lake. Bafu likifunguliwa, yeye anakauka. Bomba moja, midomo miwili." Akasogeza mwanga wa tochi. "Huyu mwembamba hapa ni nani?"

Ilikuwa ile diski mpya. Ubao ule ulikuwa na nafasi mbili za kuilaza, moja juu na moja chini. Ya juu ilikuwa imebanwa na feni kubwa, ikionekana nusu, na Bi Nyuzi hakupenda vitu vinavyoonekana nusu. Akaichagua ya chini, iliyokuwa na kifuniko kizuri, jirani kabisa na matundu ya mwisho.

Alimtazama mumewe. Akaitazama diski mpya. Akalitazama lile tundu la kona alilolichagua kwa uzuri wake.

"Unataka kuniambia huyu kijana anakunywa maji ya mzee?"

"Mimi sikuambii kitu. Mimi ni fundi bomba."

Dawa ilikuwa nyepesi, kumhamishia mzee kwenye tundu la kwanza, lisilogawana njia na mtu, lakini haikuwa tamu. Tundu la kwanza halikuwa na njia ya kujificha. Kebo ingebidi itoke kwenye diski, ipite juu ya ubao, ikatize mbele ya feni na taa na kila kitu alichokipanga, wazi, nyuma ya kioo, kila mteja aione. Bi Nyuzi alisimama na mkasi mkononi kwa muda ambao haukuwa na sababu.

"Dada," alisema bibi harusi taratibu, maneno yake ya kwanza tangu alipoulizia diski. "Nani ataitazama?"

"Mimi."

Kisha akaukata uzi wa bluu. Akavuta kebo yote mbele, ndefu, iliyojikunja, akaichomeka kwenye tundu la kwanza mpaka ikasema *ta*. Ilining'inia mle ndani kama kamba ya kuanikia nguo. Mama angemfumulia kompyuta nzima.

Akawasha. Ule ukurasa ukaja. Tundu la kwanza, na mbele yake si patupu tena bali jina la diski na ukubwa wake, herufi kwa herufi.

Bi Nyuzi alipiga ukelele uliowatoa majirani wawili madirishani. Fundi Bomba alimkumbatia Daktari kwa makosa, kisha akamkumbatia aliyemkusudia. Bibi harusi aliruka, gauni likadondoka, wote wanne wakalidaka. Daktari alisema kwamba tangu mwanzo yeye alikuwa na mashaka na matundu, na kwa kuwa siku ilikuwa njema hakuna aliyembishia.

Michoro yote ilikuwapo, nembo kwa nembo, na ua la mama lilikuwa mahali pake. Safari hii Bi Nyuzi hakusema kesho. Alilinakili kwenye flashi, kwenye simu yake, kwenye simu ya mumewe, na hata Daktari alipewa nakala akaiweke kibandani, kwa sharti kwamba asiitangazie kifo. Akamwambia Fundi Bomba kwamba lile kosa la foronya, basi, limekwisha. Fundi Bomba alisimama kidogo akiwa hajui aiweke wapi mikono yake, kisha akasema anakwenda kumsindikiza Daktari.

Wakabaki wawili, dada na mdogo wake. Gauni likatandazwa, kifua chake kikabanwa ndani ya fremu, uzi wa rangi ya krimu ukapita kwenye tundu la sindano. Mashine ikaanza kugonga.

Bibi harusi alivuta kiti akakaa karibu. Hakuwahi kumwona mama akilitarizi ua hili. Yeye ndiye kitinda mimba, na alipopata akili ya kutazama mambo, macho ya mama yalikuwa yamekwisha kuchoka na sindano imewekwa kando.

"Inaanzia katikati," alisema. "Mimi nilidhani nje."

"Mama alianzia katikati. Siku tuliyoliingiza hakuwa akiona vizuri. Alilichora kwa kidole hapa juu ya meza, petali baada ya petali, na mimi nikawa namfuata. Mashine inakwenda kama kidole chake kilivyokwenda."

Mdogo mtu akasogea karibu zaidi. Sindano ikajaza petali ya kushoto, ikazunguka, ikajaza ya pili na ya tatu, pole pole mahali penye mpindo, haraka mahali paliponyooka. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatabasamu, na hakufuta. Kisha sindano ikaruka nafasi moja na kuendelea na petali iliyofuata.

"Mbona imeiruka hiyo?"

"Aliiruka. Hiyo alikuwa anaiacha ya mwisho siku zote. Akifika hapo anaweka sindano chini, mteja akiwa amekaa hapohapo anamsubiri, anakwenda kuchemsha chai. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ukimmalizia mtu kazi yake yote, anasimama anaondoka."

Sindano ilimaliza petali ya sita, ikakata uzi, fremu ikasogea yenyewe kuelekea ule uwazi uliobaki.

"Simamisha," alisema bibi harusi.

"Kuna nini? Imekosea?"

"Haijakosea. Simamisha tu, dada." Alikuwa amekwisha kuinuka, anajifuta uso kwa mgongo wa mkono, anaelekea jikoni. "Naweka maji ya chai."

Bi Nyuzi akabonyeza kitufe, mashine ikanyamaza, akavuta kiti cha pili.